Nyaya Sitini na Tatu za Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu shida yangu inaanzia kwenye kompyuta mbovu, na najua ukiliona neno hilo utadhani nimekosea ukurasa, lakini kompyuta hii imeniumbua mbele ya nafsi yangu mwenyewe, na sasa naishi nyumba moja na mtu ambaye nashindwa kumtazama usoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mume wangu ni fundi wa majokofu na mimi ni fundi wa kompyuta za zamani. Wengi hawajui kama kazi hii ipo, kwa hiyo nieleze kidogo. Nazungumzia zile kompyuta nene zilizoanza kugeuka manjano, ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, na kumbukumbu yake yote haitoshi kuhifadhi hata picha moja ya simu yako. Kuna watu wanazipenda mno, wanazitafuta, wanazifufua na kuzitunza. Sisi tunaoshughulika nazo hatufiki arobaini, wengi tunajuana kwa sauti tu, hatuna duka wala soko, tunabadilishana, wewe una kioo mimi nina kibodi, wewe una diski mimi nina spea za ndani, na kwa kuwa hatuandikiani chochote tuna sheria moja tu inayotuweka pamoja. Mtu akikuomba kitu ukamjibu "nimekushikia", kitu hicho kimekwisha kuwa chake, hata akija kukichukua baada ya mwaka, na ukimgeuka hutapata tena hata skrubu moja kwa yeyote kati ya wale arobaini. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na sijawahi kumgeuka mtu.

Miezi miwili iliyopita mnunuzi wa vyuma chakavu alinipigia simu kwamba anaondoa takataka kwenye stoo ya ofisi ya maji iliyohamia jengo jipya, na amekuta kompyuta mbili chini ya makabati. Nilipozifikia nilizitambua mara moja, zilikuwa za aina ambayo nimeitafuta miaka tisa bila kuigusa. Moja ilikuwa imevujiwa na paa na bodi yake imeoza upande mzima. Nyingine kwa nje ilikuwa nzima mpaka herufi za kibodi. Hata kabla sijaifungua nilimpigia mwenzetu mmoja tunayemwita Bwana Asili, jina tulilompa kwa sababu kwake kitu kikibadilishwa hata kifuniko cha nyuma anakiona kimeharibika milele, na yeye ana mashine mbili na kasha zima la spea ninazozihitaji kwa kazi za wateja zilizokwama mezani kwangu tangu mwaka jana. Aliniuliza swali lake la siku zote, kama yote ni ya kiwandani. Nikamwambia hata kama kuna kilichobadilishwa nitakirudisha kama kilivyotoka kiwandani, kwa kuwa ninayo ile iliyooza ya kutolea spea. Akasema yuko safarini, atakuja baada ya miezi mitatu. Nikamjibu, nimekushikia.

Sasa nikaifungua. Siku hiyo mume wangu alikuwa nyumbani, na mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi anakunja nguo. Mama mkwe ni mjane, ameishi nasi miaka minne tangu magoti yaanze kumsumbua, ni mtu mpole, mtu wa kusema "sawa, mwanangu" na kuendelea na shughuli yake. Naomba nikiri hapa hapa jinsi nilivyokuwa nikimtendea, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Meza yangu iko sebuleni, na kwa miaka minne kila alipoikaribia nilimwambia "Mama, hapo pana umeme", kwa sauti ya heshima kabisa lakini kila siku, mpaka akajizoesha kupita upande wa pili wa chumba. Siku moja nilimkuta ameshika bodi ameielekeza kwenye taa anaitazama, nikaichukua mkononi mwake taratibu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, na sikujiuliza kwa nini alikuwa ameishika kwa kingo, bila kugusa miguu ya chipu, jinsi fundi anavyoshika.

Basi nilipofungua kifuniko nilikuta vurugu ya nyaya. Chipu moja kubwa ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake palitoka nyaya nyembamba za rangi zote kwenda kwenye kipande cha plastiki kilichobandikwa pembeni, na juu yake zimepangwa chipu ndogo ndogo kumi na moja, na nyaya nyingine zinatoka hapo zinatambaa bodi nzima. Nikamwita mume wangu aje aone kioja. Nikasema aliyefanya hivi ama alikuwa amelewa ama alikuwa anasuka nywele humu ndani. Mume wangu alicheka sana. Mama mkwe naye alicheka, kidogo, akaendelea kukunja nguo.

Nikaiwasha ili tu nijue imekufa kwa kiasi gani, na mshauri, ikawaka. Kioo kikawa cha buluu, herufi zikajipanga, kile kidoa kikaanza kupepesa kikisubiri niandike, wakati mashine ilikuwa haijaguswa na umeme kwa miaka kumi na minane. Nikaandika jambo dogo la kuijaribu, ikajibu. Nilikaa naitazama mdomo wazi. Baada ya kama dakika ishirini ikaganda, nikaizima, ikapoa, ikawaka tena, ikaganda tena baada ya dakika zile zile. Kitu hicho kikanikaa moyoni, nikasema kabla sijazitoa vurugu hizi lazima nijue zinafanya nini.

Nikachukua daftari na mita, nikaanza kufuata waya mmoja mmoja na kuuchora. Ilinichukua siku nne. Nyaya zilikuwa sitini na tatu, na zimetolewa ndani ya kebo ya simu, zile nyembamba. Siku ya kwanza nilikuwa nachora huku nacheka. Siku ya pili niligundua kwamba rangi hazikuwekwa ovyo, kila rangi ina kazi yake na haikukosewa hata mara moja, na zile zinazopita pamoja zimefungwa kwa uzi mweusi kila baada ya upana wa kidole. Siku ya tatu nikaacha kucheka. Ile chipu iliyong'olewa, nieleze kwa lugha nyepesi, ndiyo trafiki wa mashine, ndiyo inayosema sasa zamu ya kumbukumbu, sasa zamu ya kibodi, sasa zamu ya kioo, na ilitengenezwa na kiwanda kimoja tu, na kiwanda hakikumwambia mtu yeyote ndani yake mna nini. Mtu huyu hakuwa nayo. Kwa hiyo alikaa akafikiri trafiki anapaswa kusema nini kila wakati, kwa kila njia inayokuja, kisha akamtengeneza upya kwa chipu kumi na moja za kawaida kabisa ambazo peke yake kila moja haijui lolote zaidi ya ndiyo na hapana. Siku ya nne nilipomaliza mchoro na kuuona mzima kwenye kurasa mbili, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje nikasimama tu. Nimeona kazi za mafundi wengi, nimesifiwa mwenyewe, lakini nilijua wazi kwamba mimi nisingeweza. Na ilifanywa miaka thelathini na miwili iliyopita, tarehe ilikuwa imeandikwa kwa penseli chini ya plastiki, bila jina.

Kesho yake nilikuwa mezani nahangaika kutafuta kwa nini inaganda, mama mkwe akapita na kikombe chake upande wa pili wa chumba kama kawaida yake, na bila kusimama, bila miwani, akasema, "Ni ile ya tatu. Ni ya mwendo wa polepole, ikipata joto inachelewa. Siku ile nilikosa ya haraka."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza siku gani, Mama.

Akasimama. Akasema, "Siku niliyoitengeneza hiyo."

Mshauri, nilibadilisha ile ya tatu na mashine ikafanya kazi kutwa nzima bila kuganda. Mimi nilikuwa nimekaa chini sakafuni.

Habari yenyewe niliipata kwake kidogo kidogo, kwa sababu si msemaji. Alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya maji. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikipanga zamu za maji, mtaa gani ufunguliwe saa ngapi na pampu ipi ipumzike. Ilipokufa akaja mtaalamu, akasema chipu itaagizwa na itachukua miezi minane, na wakati huo wakawa wanafungua maji kwa kukisia, mitaa mingine ikafurika mingine ikakauka. Mama mkwe alikuwa amekua akitengeneza redio na kaka yake. Akamwomba mtaalamu kitabu cha mashine, akamwambia anataka kukipiga chapa upya kwa kuwa kimechakaa, naye akamwachia. Kwa siku kumi na tisa, wenzake wakienda kula mchana, yeye alijifungia mle ndani. Mashine ilipoamka mkuu wa ofisi alikuta kioo kinawaka, akadhani tu kwamba mtaalamu amerudi akaitengeneza, akafurahi, akamwita mpiga chapa wake amwandikie mtaalamu barua ya shukrani. Na mama mkwe akaipiga chapa, akaigonga muhuri, akaipeleka posta.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba angesema, swali la kwanza lingekuwa nani alimpa ruhusa ya kuifungua. Kisha akaniuliza kama chai imebaki.

Mashine ile ilipanga maji ya mji huu miaka kumi na minne zaidi mpaka walipoleta mpya. Mimi nimekulia mji huu. Ndoo nilizobeba nikiwa msichana, maji niliyooga siku niliyomaliza shule, yote yalifunguliwa kwa zamu zilizopita kwenye nyaya zile, na aliyezilehemu nilikuwa namwambia asiguse, pana umeme. Hata mume wangu hakujua. Anasema anakumbuka tu mama yake alikuwa akirekebisha redio za majirani na kukataa malipo.

Sasa shida yangu ndiyo hii. Bwana Asili atakuja, na mimi nimeshamshikia, na nimemwahidi itakuwa ya kiwandani. Kwenye ile iliyooza chipu yenyewe ni nzima, nimeijaribu, ninaweza kuirudisha. Lakini ili niirudishe lazima nikate nyaya zote sitini na tatu, na zikikatwa kinabaki kipande cha plastiki na rundo la mabaki, kwa sababu kazi hii imeshonwa kwenye bodi, si kitu cha kuchomoa na kuweka kabatini. Mume wangu anasema neno langu nimelitoa, nilitimize, na mama mwenyewe hana kinyongo. Nilimuuliza mama mkwe, nikiwa nimesimama mlangoni kwake, nikamwambia Mama, ile kazi yako nitoe au niache? Akasema, "Toa tu, mwanangu. Ilikuwa ya muda."

Basi Jumatano asubuhi nilichukua mkasi wa waya nikaanza, nikakata mmoja, wa pili, wa tatu, na mkono ukagoma, ukagoma kabisa, nikatoka nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilipopita tena nilimwona mama mkwe anafagia chini ya meza yangu. Aliinama kwa shida, akaokota vile vipande vitatu vya waya, akavitazama, akavitia kwenye mfuko wa gauni lake. Hakuniona. Tangu siku hiyo sijagusa kitu, hatujazungumza habari hiyo, na kila akiniambia "umeamkaje, mwanangu" natamani ardhi inifunike.

Nikivunja neno langu kwa Bwana Asili kazi yangu imekwisha. Nikilitimiza naharibu kitu ambacho sijawahi kuona mfano wake, na nimeshaanza kukiharibu. Nifanye nini?

Mimi, Mkwe Mwenye Mkasi

*

Mpendwa Mkwe Mwenye Mkasi,

Kwanza uweke huo mkasi mbali. Ufungie kwenye kabati, ufunguo mpe mumeo.

Pili, nikutoe wasiwasi, sikukucheka. Mimi kompyuta naijua kwa kuiwasha na kuizima, na kuizima nako naambiwa huwa nakosea. Lakini barua yako niliipeleka kwa mzee anayetunza mitambo ya kuchapia gazeti hili, mtu ambaye katika miaka yote niliyomfahamu sijamsikia akisifia kitu zaidi ya kusema "si mbaya". Alianza kuisoma amesimama. Alipofika kwenye zile chipu kumi na moja akavuta kiti. Alipomaliza aliomba aisome tena, na mara ya pili alikuwa anahesabu kwa vidole. Nilimuuliza kama ni kazi kubwa kweli au wewe unatia chumvi. Akaniambia kwamba angependa kumwamkia huyo mama. Hakusema si mbaya. Nami nakiri, tangu jioni ile kila nikifungua bomba nasimama kidogo kabla sijakinga maji.

Kwa hiyo hapo tuko pamoja. Ulistaajabu kwa haki, na ulistaajabu kabla hujajua ni kazi ya nani, jambo ambalo linakupa heshima kwangu. Fundi mwenye kiburi angekata siku ya kwanza. Wewe ulitumia siku nne kumfuata mtu usiyemjua waya kwa waya, mpaka ukakubali kwamba amekushinda. Wangapi tunaweza hivyo?

Sasa nikuseme, maana umeniandikia ili usemwe.

Umenieleza habari za nyaya, uzi, rangi, plastiki na penseli. Nimetafuta katika barua yote mahali uliposema "nilimwomba radhi" na sikupaona. Ulipojua ni yeye ulikaa sakafuni. Vizuri. Kisha ukainuka, ukaenda kusimama mlangoni kwake ukamuuliza nitoe au niache, kama mtu anayeuliza sahani ziondolewe. Ulitegemea akujibu nini? Mgeni ukimuuliza kama ameshiba huku unafuta meza, atakwambia ameshiba. Huyu mwanamke amekaa kwako miaka minne akifundishwa upande gani wa chumba ni wake. Alikusikia ukisema aliyeitengeneza alikuwa mlevi, akacheka nawe ili usione haya mbele ya mumeo. Halafu unachukua ile "toa tu" yake unaiita ruhusa. Jibu lake la kweli uliliona kwa macho yako Jumatano, alipoinama na magoti yake mabovu. Uliliona, ukaliandika, ukanituma mimi nikusomee.

Na mumeo naye ajue hili. Mama kutokuwa na kinyongo si sababu ya mwanawe kutokuwa na macho.

Kuna jambo moja katika barua yako nimelirudia mara nyingi kuliko yote, nalo ni ile barua ya shukrani. Mtu amefanya kazi ambayo mji mzima umeinywa, kisha anakaa kwenye kiti chake anapiga chapa sifa za mwanaume mwingine, herufi kwa herufi, bila kukosea, kwa sababu alikuwa mpiga chapa mzuri. Nilijaribu kufikiria vidole vyake siku ile na nikashindwa kuendelea na kazi. Hilo lilimpata mara moja, na waliomfanyia hawakujua. Wewe unajua. Ukimalizia nyaya zile sitini zilizobaki ukamkabidhi Bwana Asili mashine safi, litakuwa limempata mara ya pili, na safari hii litakuwa limefanywa na mtu pekee duniani aliyewahi kuielewa kazi yake.

Haya. Twende kwenye la kufanya.

Leo hii, usisubiri kesho, mpigie Bwana Asili. Neno lako ulilitoa na ni lake, sitakufundisha kumgeuka mtu, na sheria yenu ya kushikiana naipenda, natamani tungekuwa nayo huku kwetu. Lakini kwa ahadi uliyotoa kabla ya kufungua kifuniko ulimwahidi kitu ambacho hujakiona, na kosa hilo ni lako, wewe ndiye fundi. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie ulichokikuta, umwambie ni cha nani, mpelekee ule mchoro wako wa kurasa mbili. Usimwombe akuachie. Mweleze tu, kisha mwambie mashine bado ni yake na unamngoja aje aione akiwa amekaa nawe mezani. Mtu anayependa vitu hivi kiasi cha kuumia kwa kifuniko kilichobadilishwa si mtu wa kupuuza kile kilichomtoa mzee wetu machozi. Naam, alitoa, anikane akitaka. Na kama Bwana Asili atang'ang'ania mashine itoke kama ilivyotoka kiwandani, hiyo ni haki yake, nawe utaitimiza, na nitakwambia sasa hivi nani ataifanya.

Nilimuuliza mzee wetu kama kazi ile ni lazima ife ikitolewa. Akasema akifanya mkwe, itakufa, kwa sababu yeye ameifahamu kwa kuichora. Akifanya aliyeitengeneza, huenda akaihamishia kwenye ile bodi iliyooza, kwa sababu yeye hahitaji mchoro. Akaniambia mtu aliyekumbuka chipu ya tatu baada ya miaka thelathini na miwili, akiwa anapita na kikombe, hajaisahau hata moja ya zile kumi na moja.

Wewe umenipa njia mbili, ukate au ugeuke neno lako, ukahangaika katikati yake mwezi mzima, na haikukupitia akilini kwamba kazi hiyo ina mwenyewe, yu hai, analala chumba cha pili na kila asubuhi anakuuliza umeamkaje. Mashine ni ya Bwana Asili, lakini kazi ile itolewe vipi na ihamie wapi, swali hilo si lako. Si la mumeo, si la Bwana Asili, na si langu ingawa mimi ndiye mwenye ukurasa.

Kesho asubuhi, mumeo akiwepo, nenda ukakae chini mbele yake, usisimame mlangoni. Mwambie kwa maneno yako, bila kuzunguka: Mama, nilikucheka mbele yako, nilikuzuia kugusa kitu unachokijua kuliko mimi, na nimekata nyaya zako tatu. Naomba radhi. Nyamaza hapo. Usimwambie kwamba hukujua, hilo analijua. Akikujibu "sawa, mwanangu" na kutaka kuinuka, usikubali yaishe hivyo. Mwambie mashine imeharibika na wewe umeshindwa kuitengeneza, jambo ambalo ni kweli tupu, na kwamba unaomba fundi wake aje aiangalie.

Zile nyaya tatu usithubutu kuziunga mwenyewe. Mtafutie miwani ya kukuza, mtafutie kiti chenye mto kwa ajili ya magoti. Washa chuma cha kulehemu, kikipata moto mpe mkononi, na usimwambie pana umeme. Akifika kwenye waya wa kwanza utataka kuinama naye uone anavyoufanya, na utapenda kumwelekeza ulipo kwenye mchoro wako. Usifanye hivyo. Simama nyuma yake, unyamaze, na usogee kidogo, unamzibia mwanga.